Bangili ya Mfiwa

Saa mbili na robo asubuhi, Jumanne ya pili ya Februari mwaka 2063, jalada moja lenye alama nyekundu lilikuwa kwenye foleni ya Nakunda Mbwambo.

Alama nyekundu hazikuwa kazi yake ya kawaida. Idara ya Ukaazi ya Torvik, mji wa bandari wa ng'ambo, ilimwajiri kwa ajili ya alama za njano, yaani mambo yaliyoishangaza mashine na kuhitaji mtu wa kuieleza. Kwa nini mwombaji mmoja ana mama watatu na wote wako hai. Kwa nini mhandisi aliyejaza kwamba hana ndugu mjini anaitwa kaka na watu ishirini. Nakunda alilisoma jambo, akaandika maelezo, mashine ikajifunza, na mwombaji aliyefuata mwenye mama watatu hakuulizwa tena. Cheo chake kilikuwa mhakiki wa desturi. Kwa elimu alikuwa mhandisi wa programu, na yeye mwenyewe alikuwa mwombaji kama wale aliowasoma.

Alilifungua jalada. Righa Mwadime, mhandisi wa programu za reli, mzaliwa wa Wundanyi, mwaka wa tano wa kibali cha wenye ujuzi. Mwaka wa tano ndio wa mwisho. Anayeumaliza bila kutoka nje ya mpaka hupewa ukaazi wa kudumu. Anayetoka, kwa sababu yoyote, huanza upya mwaka wa kwanza. Mpakani hapakuwa tena na maafisa. Kila mwombaji alivaa bangili nyembamba ya kijivu, nayo ilijua mambo mawili: iko wapi, na moyo unaopiga chini yake ni wa nani, kwa kuwa umbo la pigo la moyo halifanani kwa watu wawili. Bangili ikivuka mpaka, mtu amesafiri. Isipovuka, yupo.

Bangili ya Righa haikuwa imevuka popote.

*Mama mzazi wa mwombaji amefariki,* lilisema jalada. *Imethibitishwa. Alama za mwombaji za kustahili ukaazi zimeongezwa.* Mzazi akifa, alama hupanda, kwa sababu mwombaji amepungukiwa na jambo moja la kumrudisha kwao. Nakunda aliwahi kuuliza ni nani aliyeiandika kanuni hiyo. Alijibiwa kwamba hakuna aliyeiandika. Mashine iliigundua yenyewe kwenye takwimu, na takwimu zilikuwa sahihi.

Sababu ya wekundu ilikuwa chini zaidi. Jumamosi, saa sita mchana kwa saa za Torvik, mazishi yakiendelea Wundanyi, bangili ya Righa ilikuwa kwenye nyumba moja karibu na bandari pamoja na bangili nyingine za waombaji. Jeneza liliposhushwa, mapigo ya moyo ya kila aliyekuwa chumbani yalipanda. Ya mtoto wa marehemu yalibaki pale pale. *Umbo la pigo: la mwombaji. Kasi ya pigo: hailingani na tukio. Uwezekano kwamba aliyevaa si mwombaji: mkubwa.*

Nakunda alizipitia namba za bangili zilizokuwa chumbani. Ya tisa ilikuwa yake.

Hakuhitaji grafu. Jumamosi alikuwa kwa Hamadi Shee, kwenye kiti cha plastiki, akiyatazama mazishi ukutani, yakirushwa moja kwa moja. Alimwona Righa akiwa na koti la kijivu ambalo mabega yake yalimzidi, ameinama juu ya kaburi, udongo mkononi. Wakati huo alifikiri tu kwamba Righa amekubali kuanza upya mwaka wa kwanza. Hakumuuliza mtu. Kwenye msiba watu hawaulizani mambo ya vibali.

"Nyekundu?" Bi. Holm, mkuu wa kitengo, alisimama nyuma yake akiwa na kikombe. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, ambaye hakuwahi kupaza sauti. "Ya ukanda wenu?"

"Ndiyo."

"Nimeliona. Kanuni ni mpya. Mashine ilijifunza kutokana na kesi chache za mwaka jana zilizothibitika mahakamani. Watu walivalisha wengine bangili, wakaenda kuzika. Aliyevaa hakuwa na uchungu, ndipo wakajulikana." Akanywa kidogo. "Sasa imetafuta utulivu wa namna hiyo kwenye kumbukumbu zote. Majalada mia nne na kumi na mawili, mbali na hili. Hili ndilo pekee lenye mhakiki."

"Na mengine?"

"Yasiyo na mhakiki mashine huyaamua yenyewe. Ijumaa." Bi. Holm akaangalia skrini. "Kama una uhusiano na mwombaji, useme sasa, nilitoe kwako."

"Litapelekwa kwa nani?"

"Hakuna mwingine. Litaungana na yale mengine."

Nakunda hakusema kama ana uhusiano. Alisema, "Nipe hadi kesho."

"Kesho ni sawa. Ijumaa hiyo hiyo kamati ya ukaazi wa kudumu inaketi kwa ajili yako, unakumbuka? Ukipita, utamleta binti yako. Ana miaka mingapi sasa?"

"Tisa."

"Umri mzuri. Hapa kwenye darasa la umri huo huwafundisha kuogelea."

Sifa alikuwa Same kwa bibi yake na alikuwa hajawahi kuona maji yanayomzidi kimo. Nakunda akashukuru.

*

Hamadi Shee alikuwa sebuleni kwake akikunja viti alivyoazima kwenye ukumbi wa kanisa la jirani. Alikuwa mtu wa Lamu, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, aliyeandika programu za winchi za bandarini na ambaye nyumba yake ndiyo pekee iliyotosha watu wengi. Kwa hiyo misiba yote ya Waswahili wa Torvik, wa dini yoyote, ilikaa kwake.

"Karibu, dada. Umekuja na miguu yako au umekuja na serikali?"

"Na miguu. Serikali nimeiacha ofisini."

"Basi keti, chai ipo. Maandazi yalikwisha Jumamosi ile ile. Nyinyi watu wa bara mnakula matangani kama mmekuja harusini."

"Aliyekula sita ni mmoja tu, na unamjua."

"Simtaji. Ana mke mkali." Hamadi akamimina chai ya tangawizi. "Haya. Uso wako si wa chai."

"Jumamosi nilikuwa hapa, kaka Hamadi. Nilimwona Righa ukutani pale, anatupa udongo. Mashine inasema alikuwa pale." Akaonyesha kona ya dirisha.

Hamadi aliweka birika chini. Akakunja kiti kimoja, akakikunjua tena.

"Imejuaje?"

"Kwanza niambie umbo la pigo lake mlilipataje."

Hamadi alizungumza kama anayeeleza mradi aliouonea fahari. Kulikuwa na utando, mwembamba kuliko plasta ya kidonda, unaobandikwa kati ya ngozi na bangili. Utando ulibeba umbo la pigo la Righa, lililorekodiwa alipokuwa amelala, anatembea, anapanda ngazi. Kazi ya utando ilikuwa kulivalisha pigo la mwingine umbo hilo. Kutengeneza kasi ya uongo walishindwa. Bangili ilipima pia joto na jasho, na vitu hivyo vilitakiwa vikubaliane na kasi. Wakaamua kasi iwe ya aliyevaa, ya kweli. Kisha wakapanga zamu, sawasawa na wanavyopanga kazini zamu za kuangalia seva: kila mtu na saa zake, anayepokea anasema amepokea, anayekabidhi haondoki hadi asikie hivyo.

"Ilikwenda vizuri kuliko zamu za ofisini kwetu," Hamadi alisema. "Hakuna aliyechelewa. Jumamosi mchana zamu ilikuwa ya—"

"Usitaje jina."

"Simtaji kwa ubaya."

"Najua. Nisichokijua hawawezi kuniuliza."

Hamadi akatikisa kichwa kukubali.

"Umbo la Righa, kasi ya mwingine," Nakunda alisema. "Na huyo mwingine hakufiwa. Jeneza linashuka, chumba kizima moyo unaruka, yeye ametulia. Ndivyo ilivyojua. Swali langu ni moja. Kwa nini mliileta bangili hapa? Mngeiacha kwa Righa, mwenye zamu akae nayo kwenye kochi peke yake. Mashine isingekuwa na cha kulinganisha."

Hamadi alimtazama kana kwamba ameuliza jambo la aibu.

"Tungemwacha peke yake?"

"Nani?"

"Mfiwa. Watu wamejaa hapa kwa ajili yake, wamechanga, wamepika, halafu yeye awe kwake amejifungia? Wewe ungekubali?"

"Hakuwa amejifungia. Alikuwa Wundanyi."

"Najua alikuwa Wundanyi! Lakini bangili yake ilikuwa Torvik, na—" Akakaa kwenye kiti alichokuwa amekikunjua. "Bwana wee. Tulimpa kiti. Kile cha dirishani, kisichopigwa na upepo wa mlango. Chai ilipopita tulimwekea kikombe."

"Wahandisi wangapi walijua?"

"Kumi na mmoja. Mmoja ana shahada ya uzamivu."

"Na hakuna aliyeliona?"

"Tuliliona la betri. Tuliliona la jasho, la lifti, la kuoga. Hili hakuna aliyelitaja hata kwenye kikao, dada. Halikuwa sehemu ya mfumo. Mfiwa anakaa na watu, basi." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Sasa si wewe ndiye mhakiki? Waandikie kwamba kwetu mwanamume halii."

"Si kweli. Jumamosi niliwaona mkilia."

"Mmoja mmoja."

"Wewe ulitumia kitambaa cha meza."

Hamadi alicheka kwa nguvu. Nakunda akamweleza yaliyobaki: kanuni mpya, majalada mia nne na kumi na mawili, Ijumaa.

"Hao ni kina nani?"

"Siwajui. Wahandisi kama sisi, wa nchi nyingi. Mzazi kafa kwao, wao wakabaki hapa ili wasivunje mwaka. Walivaa bangili zao wenyewe. Mazishi wameyaona kwenye simu, na mioyo yao haikupanda."

"Kwa hiyo walitii sheria."

"Walitii."

"Na Righa hakutii."

"Hakutii."

"Usinipigie hesabu hiyo," Hamadi alisema polepole. "Righa namfahamu. Mwanangu alipovunjika mguu ni yeye aliyembeba ngazi nne. Hao wengine siwafahamu."

"Sikuja kukuomba uamue. Nimekuja kuchukua namba yake ya huko."

Hamadi akaiandika nyuma ya bahasha ya sukari. Alipompa aliuliza, bila kumtazama, "Na yako? Ijumaa si ndiyo yako?"

"Ndiyo."

"Sifa anajua?"

"Ameshafunga mabegi. Anayafungua kila jioni kutoa nguo za shule."

*

Jumatano asubuhi Nakunda aliijaribu mashine kabla ya kumpigia Righa. Palikuwa na uwanja wa majaribio, ambapo mhakiki huweza kuandika uamuzi na kuona utafanya nini kabla ya kuutia sahihi.

Aliandika kwanza: *Udanganyifu. Mwombaji hakuwepo.* Mashine ilijibu kwamba kanuni ya utulivu imepata uthibitisho mwingine, na kwamba majalada mia nne na kumi na mawili yatakataliwa pamoja na hili.

Akafuta. Akaandika: *Utulivu wa kawaida. Watu wengine huwa watulivu mazishini.* Mashine ilijibu kwamba maelezo ya desturi yamepokelewa na kwamba alama ya jalada hili itaondolewa. Kanuni haitabadilika. *Mifano ya kupinga: hakuna.*

Kwa hiyo uongo ungemwokoa mtu mmoja, na ungemwokoa huyo tu.

Akauliza mfano wa kupinga ni nini. Jibu lilikuwa fupi na halikuwa na kosa la kimantiki. Ni kumbukumbu ya moyo wa mwombaji aliyesajiliwa, ambao umbo lake mashine inalo, ukiwa umetulia wakati wa maziko ya mzazi wake, pakiwa na ushahidi usio wa bangili kwamba aliyevaa ni yeye. Waombaji mia nne na kumi na wawili hawakufaa, kwa kuwa wao ndio walioshukiwa. Na aliyekwenda kuzika waziwazi, kwa kuandikisha safari, alivuliwa bangili mpakani. Sharti lilikuwa na akili timamu na halikuweza kutimizwa na mtu yeyote.

Nakunda alitoka nje hadi kwenye maegesho ya baiskeli, akapiga simu.

Upande wa pili kulikuwa na kelele za vyuma.

"Wanashusha turubai," Righa alisema. "Dada Nakunda! Hamadi alisema utapiga. Amenieleza nusu, nusu nyingine akawa anakohoa."

"Pole sana na msiba, Righa."

"Nimeshapoa, asante. Nilisikia mlikaa pale kwa Hamadi toka asubuhi. Mmenipa heshima kubwa."

"Walikupa na kiti."

"Nimeambiwa." Alicheka kidogo. "Kikombe cha nani?"

"Kile chenye ufa."

"Ndiyo mapenzi hayo."

Kisha Nakunda akamweleza, hatua kwa hatua, bila kuongeza neno. Righa hakumkatiza. Alikuwa mmoja wa wale ambao kazini husoma programu ya mtu mwingine hadi mstari wa mwisho kabla ya kusema lolote.

"Swali ni dogo," Nakunda alisema. "Moyo wako, jeneza liliposhuka, ulikuwaje?"

Kelele za vyuma zilisogea mbali. Alikuwa ametembea pembeni.

"Mbona unaniuliza hilo?"

"Kwa sababu mashine inadai kujua."

"Nilikuwa nimetulia, dada." Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa natazama kamba. Upande wa binamu yangu ulikuwa unashuka haraka kuliko upande wa pili, nikawa nawaza jeneza likiinama itakuwaje. Basi. Hata chozi. Dada yangu aliniangalia hadi nikaona haya. Usiku mzima nilijiuliza kama mimi ni mzima."

"Ulikuwa umevaa kitu chochote cha kupimia?"

Alipojibu, Nakunda alijua ameshafika alipotaka kumpeleka.

"Saa ya kukimbilia. Ile nyeusi. Sikuivua hata kwenye ndege." Akavuta pumzi. "Ina umbo la pigo. Ina na mahali. Wundanyi, dakika kwa dakika. Na video ya mazishi inanionyesha mkono."

"Ndiyo."

"Umbo wanalo tayari, kwa hiyo watalilinganisha na kuona ni mimi."

"Ndiyo."

"Na mahali hapafutiki, kwa sababu mahali ndipo panapoonyesha ni mazishini kweli."

"Ukipatoa, si mfano tena."

"Kwa hiyo kitu pekee duniani kinachoonyesha mashine imekosea," Righa alisema, "ni kile kinachoonyesha kwamba kwangu imepatia."

Nakunda alisema ndiyo mara ya tatu.

Mwanamke aliita jina la Righa kwa mbali, chakula kinapoa. Righa akaitikia kwamba anakuja.

"Ukiitumia itakuwaje kwangu? Nirudi mwaka wa kwanza?"

"Hapana. Huko ni kwa aliyevuka bila kuficha. Kwako ni udanganyifu. Kibali kitafutwa."

"Na tiketi yangu ya kesho?"

"Itafutwa nacho."

"Nyumba yangu ina mimea. Kazi yangu ya njia panda ya kaskazini, ile programu ya taa, hakuna mwingine anayeijua. Nazungumza upuuzi. Hao watu mia nne, kuna unayemjua?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Nimesoma jalada moja. Mwanamke wa Kerala, anashughulika na programu za hospitali. Baba yake alizikwa Novemba. Alikaa jikoni akamenya viazi wakati wa maziko. Mashine imeandika kwamba mikono yake ilikuwa inafanya kazi na moyo wake ulikuwa umetulia."

Vyuma viligongana mbali, mtu akacheka.

"Siwezi kukuambia itumie," Righa alisema. "Nimejaribu kulisema tangu dakika tano zilizopita na mdomo haukubali. Wala siwezi kukuambia usiitumie. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Nakwenda kula. Wakiniona nimesimama huku watadhani hatimaye ninalia."

Simu ikakatika. Nakunda alikuwa ameshafika mlangoni pa idara iliposikika sauti ya ujumbe. Lilikuwa faili la saa, la Jumamosi nzima, bila neno lolote juu yake.

Alilifungua kwenye kompyuta yake, si ya ofisi. Mstari wa moyo wa Righa Mwadime, Jumamosi mchana, kwenye mwinuko wa milima ya Taita, ulikuwa chini kuliko ule wa mtu asiyemjua aliyekaa dirishani kwa niaba yake. Ulipanda mara moja tu, jioni. Alilinganisha na video. Wakati huo Righa alikuwa amesimama peke yake karibu na jiko la nje, ameshika sufuria tupu ya mama yake.

*

"Umefikia wapi?" Bi. Holm aliuliza saa nane mchana.

"Nina uhusiano na jalada."

Bi. Holm akavuta kiti. "Ungesema jana."

"Jana lingeungana na mengine."

"Uhusiano gani?"

"Nilikuwa chumbani. Mwombaji hakuwepo. Nilimwona Wundanyi, kwenye matangazo ya moja kwa moja."

Bi. Holm hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayehesabu vyumba vya nyumba aliyodhani anaijua.

"Basi mashine ilikuwa sahihi."

"Ilipata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Ninao mfano wa kupinga." Nakunda aligeuza skrini. "Huyu ni yeye, mazishini, na moyo wake. Alikuwa mtulivu kuliko aliyemwakilisha. Kama angebaki hapa na bangili yake mwenyewe, mngemkataa vilevile."

Bi. Holm alisoma grafu mara mbili. Alikuwa mtakwimu kabla ya kuwa mkuu.

"Unajua shahidi hawezi kuwa mhakiki. Na aliyejua akakaa kimya, hata siku moja, huwekwa chini ya uchunguzi. Kamati haiwezi kukaa juu ya jalada la mtu aliye chini ya uchunguzi."

"Najua."

"Uchunguzi huchukua mwaka. Wakati mwingine zaidi." Akasita. "Ningeweza kukosa kusikia ulivyosema. Andika tu utulivu wa kawaida. Jalada lake litapita, lako litapita. Ijumaa."

"Na mengine?"

Bi. Holm alisimama, akarudisha kiti mahali pake, na kusema kwamba mlango wake uko wazi hadi saa kumi na moja.

Nakunda alimpigia Sifa. Ilikuwa mapema kuliko kawaida na mtoto alikuwa ametoka shule, anatafuna kitu.

"Mama, nimejifunza kuhesabu kwa lugha yao. Sikiliza." Akahesabu hadi kumi na nne, akakosea kumi na moja.

"Vizuri sana."

"Bibi anasema huko hakuna mahindi ya kuchoma."

"Hakuna."

"Basi nitayala yote kabla ya kuja. Ni lini?"

"Tarehe nitakuambia, mwanangu. Nikiijua."

"Uliniambia Ijumaa utaijua."

"Ndiyo. Nilisema hivyo."

Alipokata simu alilifungua tena jalada na kujaza maelezo ya shahidi. Fomu ilikuwa na maswali ya kawaida. Mwombaji alikuwepo? *Hapana.* Unajuaje? *Nilikuwepo, nikamwona kwingine.* Unamjua aliyevaa bangili? *Simjui.* Ushahidi wa ziada? Akaambatisha faili la saa na dakika tatu za video. Ombi? *Uhusiano kati ya kasi ya moyo na ukweli wa msiba uondolewe kwenye kanuni.*

Alitia sahihi. Mashine ilichukua dakika chache, muda mrefu kwa mashine. Kanuni ya utulivu ilifutwa. Kwenye orodha ya kitengo alama nyekundu zilianza kuzimika, ukurasa kwa ukurasa, na jalada la mwanamke wa Kerala lilikuwa kwenye ukurasa wa tatu. La Righa Mwadime halikuzimika. Liligeuka jeusi, na chini yake pakaandikwa: *Kibali kimefutwa.*

Kisha likatokea swali ambalo halikuwemo kwenye fomu. Mashine iliuliza yenyewe ilipokuta jambo lisilolingana na lolote ililonalo. Nakunda alikuwa amejibu maswali ya aina hiyo mamia, na ndiyo yaliyompa kazi. *Kumweka mwakilishi mahali penye wafiwa kuliongeza hatari ya kugunduliwa. Kuacha bangili nyumbani kungekuwa salama zaidi. Kwa nini ililetwa chumbani? Eleza desturi.*

Aliandika: *Kwetu mfiwa haachwi.* Aliisoma sentensi hiyo. Ilikuwa kweli, fupi, na mashine ingeielewa mara moja. Ingeipeleka kwenye kila sebule yenye viti vya kuazima, ndani ya Torvik na nje yake, na kutafuta kiti cha dirishani.

Akaifuta.

Swali lilirudi mara ya pili, kwa maneno yale yale. Aliliacha wazi, akabonyeza kuwasilisha.

Saa kumi na dakika tano jalada lilipokelewa sehemu hiyo ikiwa tupu, na taa ndogo kwenye bangili ya Nakunda Mbwambo ikawaka rangi ya njano.